Keki ya Boksi la Pasi

Mdogo wangu aliponiambia anaolewa, nilimkumbatia kwanza, kisha nikamuuliza watu wangapi. Akasema mia moja. Nikaandika mia moja na hamsini, kwa sababu mtu anayeolewa hahesabu watoto wala majirani, na majirani zetu wa Ngamiani, hapa Tanga, hawahitaji kadi. Wanahitaji kusikia muziki tu.

Mimi nauza viatu vya mtumba. Kazi hiyo imenifundisha kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, na kwamba mzigo unahesabiwa mara mbili, mara moja mbele ya aliyeuleta, mara ya pili akishaondoka. Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa darasa la pili, na baba yuko Maramba na michungwa yake. Kwa hiyo kamati ya harusi nilikuwa mimi. Kulikuwa na kamati nyingine ya kwenye simu, watu kumi na tisa, wepesi sana wa kuandika "tupo pamoja". Michango ilipoanza kuitishwa, wawili walipata safari za ghafla na watatu wakabadilisha namba.

Shida yetu kubwa haikuwa fedha. Ilikuwa mama wa bwana harusi.

Yule mama anaishi Mwera, upande wa Pangani. Wazazi wake walifika huko wakifuata kazi ya mkonge, na yeye mwenyewe akaja kufunga na kubeba mizigo ya katani shambani kwa miaka ishirini na saba. Ni mjane, mwembamba, mrefu, na mikono yake ni kama ya fundi seremala. Siku alipokuja kututazama nilikuwa nimepamba sebule. Alikaa, akakataa soda, akaangalia juu.

"Nyumba nzuri," alisema. "Mapazia ya nani?"

Yalikuwa ya jirani wa mlango wa pili. Nilimwambia ni yetu, akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa kiatu kilichochakaa hakijavaliwa.

"Mimi mwanangu sitaki makubwa," alisema. "Ila maonyesho siyapendi. Mtu akinipa kikombe cha chai, basi chai iwemo."

Usiku ule mdogo wangu alikuja kukaa kitandani kwangu. Yeye ni mwalimu wa chekechea, hana makuu. "Dada," akasema, "punguza chochote unachotaka. Nguo yangu punguza, nyama punguza. Lakini yule mama asiaibike mbele ya watu wake. Mimi ndiye nitakayeishi naye."

Alichokuwa anakizungumzia ni keki. Kwenye harusi zetu, maharusi wakishakata keki na kulishana, wanabeba keki nyingine nzima nzima na kuwakabidhi wazazi wa pande zote mbili, mbele ya ukumbi wote, kwa kucheza. Keki ile haikatwi pale. Mzazi anaondoka nayo, anakwenda kuigawa kwa waliobaki nyumbani. Huko Mwera walikuwepo wanawake wazee, wenzake wa shambani, wasioweza kusafiri. Wote walishaambiwa kuna keki inakuja kutoka Tanga. Kwa hiyo kama kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikutakiwa kuharibika, ni keki ya yule mama. Niliiandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake, kisha nikapiga wa pili.

Yaliyobaki yalikuwa ya kupatana bei tu. Ukumbi wa Raskazone niliuendea kwa udadisi. Mwenye ukumbi akanionyesha dirisha linaloangalia bahari na kutaja bei. Nikamwambia bahari nitaiona bure nikitoka nje. Tukaenda ukumbi wa shule, wenye feni sita, nne zinazozunguka. Lakini Raskazone sikuondoka mikono mitupu. Zile nyumba kubwa za zamani zina ua wa bogenvilia kila upande, na watunza bustani hukata matawi kila wiki na kuyatupa. Niliwaomba hayo ya kutupa. Mmoja akaniuliza ninayataka ya nini, nikasema ya mbuzi, maana ningesema ya harusi yangepata bei. Nilijaza bajaji moja. Zile chupa tupu za juisi nilizokuwa nimezikusanya tangu mwezi wa Ramadhani zikawa vyombo vya maua, tatu kila meza, na ukiziangalia kwa mbali zilikuwa na heshima kabisa.

Baba alileta kutoka Maramba magunia mawili ya machungwa na kilo nne za iliki, alizobadilishana kwa machungwa na rafiki yake wa milimani. Tukafunga iliki kwenye vitambaa vidogo, punje kumi na mbili kila kimoja, kwa uzi wa katani, ili kila mgeni aondoke na kitu mkononi. Uzi ule ulikuwa wazo la mdogo wangu. Alisema, "Iliki ni ya kwetu, katani ni ya kwao." Nilimsifu. Nilifurahi pia kwamba katani ni rahisi kuliko utepe.

Burudani ilikuwa ngumu zaidi. Bendi zilitaka fedha ambayo kwa mahesabu yangu ingetosha kuozesha tena. Nikakodi spika mbili, kisha nikampigia simu shangazi wa Maramba, mkubwa kati ya wanne, wote wapigaji na wachezaji wa mdumange, ngoma ya kwetu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Unataka nini? Wewe huwa hupigi bure."

Nikamweleza. Nauli, pilau na kanga moja kila mtu.

"Kanga doti, si kipande."

"Shangazi, kipande kimoja kimoja, doti moja mnagawana wawili."

"Wewe mtoto! Mimi nilikuogesha ulipozaliwa, leo unanikatia kanga kati?"

Nikakubali doti. Kuna watu wanaokujua tangu ukiwa uchi, na hao hawapunguzi bei.

Mshereheshaji naye nilimpata ndani ya ukoo. Binamu yangu hunadi vitu mnadani kwa kipaza sauti cha betri, ana sauti ya kuamsha mtaa, na alikubali kufanya kazi kwa suti moja ya mtumba na viatu vyake. Nilimpa viatu vizuri. Kasoro yake ni moja tu, akishika kipaza sauti hawezi kuona kitu bila kukinadi.

Ikabaki keki. Mama anayeoka keki mtaani kwetu alinipa bei ya elfu tisini kwa kila keki ya kilo tatu. Zilitakiwa tatu, ya kukata, ya mama wa Mwera, na ya baba. Tulipatana kuanzia asubuhi hadi alipotaka kwenda kubandika wali jikoni, na bei haikushuka hata shilingi. Ndipo akaniambia jambo wanalofanya wengi na kulisema wachache.

"Moja fanya ya boksi," alisema. "Napaka sukari juu, naweka maua. Ukiiona hutaijua. Elfu ishirini, boksi ulete wewe."

Nikampigia baba nikamuuliza kama itamuumiza.

"Mwanangu," akasema, "mimi mbele ya watu nipe hata boksi. Boksi lina kazi nyingi. Keki huliwa ikaisha."

Nikatafuta boksi nyumbani. Lililokuwa na umbo zuri lilikuwa la pasi.

Baba alifika Tanga siku mbili kabla. Asubuhi nilimkuta uani ameshika ndoo tupu, amepinda magoti, anatembea kama mwenye mzigo wa kuni. "Nafanya mazoezi," akasema. "Boksi jepesi. Nikilinyanyua kama jani, watu watajua." Akazunguka uani mara tatu akihema. Mdogo wangu alipita akamuuliza kulikoni, baba akasema mgongo. Mdogo wangu hatukumwambia chochote. Uso wake hauwezi kuficha hata bei ya nyanya.

Mpango ulikuwa rahisi. Keki ya kukata ingekaa katikati ya meza. Keki ya kweli ingewekwa karibu na ngazi ya jukwaa, na ya boksi ingewekwa nyuma yake. Kwetu mgeni hutangulia, kwa hiyo mshereheshaji angemwita kwanza mama wa Mwera, na maharusi wangechukua keki iliyo karibu. Nilimfundisha binamu mara mbili. Nilimwambia, "Mama wa bwana harusi kwanza." Akarudia. Nikamwambia tena. Akarudia tena.

Lakini siku ya harusi baba alifika mapema, akamkuta binamu getini, akapokea shikamoo yake, akamshika mkono na kumweleza historia ya ukoo wetu kwa nusu saa. Mwishowe akampa machungwa manne. Binamu aliingia ukumbini ameguswa.

Harusi ilikwenda vizuri. Nasema hivyo kwa sababu sambusa zilitosha, na mimi sambusa nilizihesabu. Shangazi wanne waliingia na ngoma zao, wakazunguka meza zote wakitikisa mabega, hata wale wa Mwera ambao walikuwa wamekaa kama wako kituo cha polisi wakaanza kupiga makofi. Binamu aliwatangaza maharusi kama mtu anayenadi kabati la milango mitatu. "Angalieni urefu! Angalieni tabasamu! Hakuna kama hii tena!" Maharusi wakakata keki ya katikati, wakalishana, mdogo wangu akapata sukari puani. Watu wakacheka. Nikaanza kupumua.

"Sasa!" binamu akapaza sauti. "Wakati wa kuwaheshimu wazazi! Na mimi nimelelewa, najua mkubwa nani! Mzee wetu kutoka Maramba, baba wa bibi harusi, anakuja kwa mara ya kwanza! Anakuja kwa mara ya pili!"

Nilisimama. Nilipiga mluzi. Nilifanya ishara ya kukata shingo, na binamu akadhani namwambia apunguze sauti, akapunguza sauti.

Maharusi wakachukua keki iliyokuwa karibu na ngazi, ile ya kweli, wakateremka nayo wakicheza. Baba alikuwa ameshapinda magoti tayari kwa kuigiza. Akapokea. Kilo tatu na sahani yake zilipomshukia mikononi alitoa macho.

"Loo!" akasema, na meza ya mbele yote ikasikia. "Ina kitu!"

Shangazi wakapiga vigelegele. Maharusi wakarudi mezani kuchukua ya pili. Mdogo wangu alishika upande mmoja, mumewe upande wa pili, wakanyanyua. Ilipanda haraka kuliko walivyotarajia, karibu imgonge bwana harusi kidevuni. Mdogo wangu akanitafuta kwa macho hadi akanipata kule nilikosimama kando ya spika. Sijawahi kutazamwa vile na mtu niliyemnunulia shela. Lakini ngoma zilikuwa zinalia, watu mia moja na hamsini wanapiga makofi, na hakuna mtu anayeweza kurudisha keki mezani.

"Mama yetu kutoka Mwera!" binamu akaita.

Alisimama, akajifunga kanga kiunoni vizuri, akanyoosha ile mikono. Kwa muda mfupi kama kufumba jicho mikono ilipanda, vile mikono inavyopanda ukinyanyua birika ulilodhani limejaa. Niliona. Nilifikiri, sasa atasema, na ana haki ya kusema.

Mikono ikashuka. Magoti yakapinda. Akaguna kwa sauti, akainamisha mgongo, akaita wanawake wawili wa kwao, "Njooni mnishike, mzigo huu!" Wakamshika viwiko. Akatembea hatua kwa hatua hadi mezani kwake, akihema kuliko baba alivyohema na ndoo, akaiweka ile keki taratibu na kuifunika kwa kanga yake ya pili. Aliyetaka kuigusa alipigwa mkono. Ukumbi mzima ukashangilia.

Nilikwenda mbio meza ya baba nikifikiria kubadilishana kwa siri. Keki ilikuwa imebaki robo. Shangazi wawili walikuwa na sukari midomoni, na baba alikuwa anafuta kisu chake cha machungwa.

"Baba! Keki hii haikatwi hapa!"

"Mwanangu, uliniambia boksi," akasema. "Nilipoona si boksi, nikafikiri umenionea huruma. Nikafurahi. Nikakata."

Nikachukua kipande na mimi nikala nikiwa nimesimama. Ilikuwa keki nzuri, kwa elfu tisini.

Halafu nikaenda meza ya Mwera. Wenzake walikuwa wameinuka kucheza, yeye amebaki analinda mzigo wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ulishanisalimia asubuhi. Sema."

"Mama, kuhusu keki..."

"La pasi," akasema kwa utulivu, akainua pindo la kanga kidogo. "Nimechungulia kwa chini. Nilidhani walau pasi nitaikuta."

Nilimweleza yote, na sikupunguza kitu, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilimwambia boksi lilikuwa la baba, keki ya kweli ilikuwa yake, na mshereheshaji ni binamu yangu. Nilimwambia na mapazia pia.

"Mapazia nilijua," akasema. "Yaani baba yako ndiye aliyekuwa apewe boksi?"

"Ndiyo."

"Na alijua?"

"Alifanya mazoezi siku mbili. Kwa ndoo."

Akajifunika uso kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika. Mwenzake mmoja akaja kumbembeleza, akidhani analia kwa sababu ya mwanawe kuondoka.

"Mama," nikasema alipotulia, "kwa nini hukusema?"

"Niseme, halafu mkwe wangu aanze maisha na hadithi ya boksi?" Akajifuta macho. "Miaka ishirini na saba nimebeba katani mbele ya nyapara. Siku mzigo umepungua, ndiyo siku unayoinama zaidi. Kuinama najua. Baba yako bado anajifunza."

Nilitaka kucheka, akanizuia kwa kidole.

"Bado hatujamaliza. Leo nafika Mwera na boksi. Wazee wangu nitawaambia watu wa Tanga keki yao haikatwi mpaka ipite wiki. Jumamosi ijayo unaniletea ya kweli."

"Nitaleta, mama. Kilo tatu."

"Utaleta mbili."

"Mbili?"

"Moja ya majirani, moja ya kunyamaza."

"Mama, tufanye moja na nusu."

"Tatu," akasema.

Nikakubali mbili. Miaka yote ya kuuza viatu sijakutana na mtu aliyepandisha bei haraka vile.

Jumamosi nilifika Mwera na gari la asubuhi, keki moja mapajani, nyingine miguuni. Maharusi walikuwa huko tangu katikati ya wiki. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, wanane, nilihesabu, kisha nikahesabu tena wakawa tisa, mmoja alikuwa nyuma ya mlango. Yule mama akanipitisha uani haraka. Kwa kisu kidogo alibandua maua ya sukari kwenye boksi na kuyapachika kwenye keki ya kweli, moja moja, mahali pake palepale, maana wazee walishaikagua ile ya boksi tangu Jumapili na kila mmoja alijua maua yako wapi.

Mdogo wangu akatokea mlango wa jikoni, kanga ya mama mkwe wake kiunoni, mikono ina unga. Alikuwa hajanisemesha tangu harusini isipokuwa kwa ujumbe mmoja wa simu, usio na salamu.

"Mnafanya nini huko?"

"Mimi na dada yako tuna mambo yetu," yule mama akajibu bila kugeuka. "Kapange vikombe, mwanangu."

Alimwita mwanangu kwa sauti ileile anayomwitia mtoto wake wa kuzaa. Mdogo wangu aliangalia keki, akaangalia boksi lililobaki na mashimo, akaniangalia mimi. Akaziba mdomo kwa mkono wa unga na kurudi jikoni, nikamsikia anacheka peke yake kule ndani.

Keki ililiwa mbele ya nyumba kwa vigelegele. Bibi mmoja akasema kweli, keki ikisubiri wiki inanoga. Nasikia kuna harusi mbili za huko tangu wakati ule ambazo keki ilisubiri Jumamosi. Mimi sijawasahihisha.

Ile ya pili, ya kunyamaza, aliinyanyua tukiwa tumebaki watatu. Akaipima mkononi.

"Kilo mbili na nusu," akasema.

Ni kweli. Nilikuwa nimepatana na mama wa keki apunguze nusu, nikijiambia kwamba kunyamaza hakuna mizani.

"Nusu utaleta Krismasi," akasema, na kumwashiria mdogo wangu alete chai. Boksi la pasi alilipanguza sukari, akatia humo nyuzi zake na vyeti vya watoto, akaliweka juu ya kabati. Lipo hadi leo.

Chai ikaja. Kikombe changu alikishika yeye, akakisogeza mbele yangu kimejaa hadi ukingoni.

"Chungulia," akasema, "uone kama imo."

Ilikuwemo. Sukari ilikuwa haitoshi, lakini sikusema kitu.